Mafuta ya Paa la Benz

Jumapili, 16 Novemba 2025

Ibada nzuri, asante Mungu. Siku kumi na tatu tu, binti yangu Nthambi aolewe. Nimemuuliza anataka gari gani. Akasema Benz ya baba, na sanrufu iwe wazi — kile kidirisha cha paa marehemu mume wangu Ndolo alikuwa anafungua kila Jumapili tukienda kanisani tukiimba. Nikamwambia, si kimekwama tangu Januari? Akasema: Mwaitu, mama yangu, tangu baba azikwe kimekataa. Labda hafurahii naolewa na Mmaasai.

Jamani! Ndolo huyu aliyekula nyama na wazee wa Kimaasai kule Kisaju miaka ishirini!

Na najua kwa nini kimekwama. Mungu pia anajua.

Jumanne, 18 Novemba

Fundi Mulinge amekuja, rafiki ya Ndolo. Ameingiza kidole kwa reli ya paa, akanusa. "Mama Nthambi, nani alimwaga mafuta ya kupika hapa? Imekuwa gundi!"

Nikasema sijui. Sijui! Mimi, kiongozi wa maombi ya akina mama. Bwana nisamehe.

Lakini kitafunguka. Nimesema.

Alhamisi, 20 Novemba

Duka la spea. Mwenye duka akanipa grisi ya manjano, eti inatibu kila kitu. Nikampigia Mulinge. "Weka chini! Hiyo ni ya magurudumu. Vumbi ya huku Kitengela itanata hapo isage reli kama kinu. Na jua ikiwaka itayeyuka, idondoke kwa gauni."

Gauni nyeupe! Niliona doa kwa macho yangu. Nikarudisha mbio.

Nikamuuliza, na hii dawa ya kupuliza ya mkebe? Akasema hiyo ni ya kulegeza tu, haikai. Anataka grisi nyeupe, laini, kwa reli na waya inayovuta paa. Kwa raba, silikoni — grisi inafurisha raba. Silikoni nimepata. Nyeupe, maduka matano, hakuna. Sirudi nyuma.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimeipata Kajiado! Katyubu kama ya dawa ya meno. Nimeshukuru Mungu hapo hapo kwa kaunta.

Kurudi nikapitia Kisaju kwa Dinah, mama yake Timothy bwana arusi. Akacheka. "Unahangaikia nini? Mafuta ya kondoo! Sisi tunapaka bibi arusi, tunapaka mtoto, hata mlango ikilia tunapaka. Jumamosi nakuja nayo nibariki hiyo gari yenu."

Nikacheka pia. Baraka ingine kwa ile reli! Sasa mtu anamkatazaje mkwe?

Jumatano, 26 Novemba

Mulinge ameosha reli kwa brashi na petroli kidogo. Tambara la tatu limetoka na utando wa kahawia. Nimeshindwa kuvumilia. Nikamwambia ni mafuta ya upako. Baada ya mazishi paa lilianza kulia, nikamimina ile chupa ya kanisa, Jumapili tatu, nikiomba.

Amecheka mpaka akakaa kwa tairi. Kisha, polepole: "Hiyo ni ya kichwa ya mtu, Mama. Chuma iko na yake."

Akauliza kama Nthambi anajua. Bado.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimemwambia Nthambi. Alikuwa anachagua mchele. Nikasema, si baba yako aliyekataa. Ni mimi. Akaniangalia kwanza. "Mwaitu, ulimwagia Benz upako?" Akacheka, akalia, machozi ikaingia kwa mchele. Akauliza, kwa nini? Nikasema niliogopa. Paa lingekwama, ni kama ningemzika mara ya pili. Na nikalikwamisha mwenyewe!

Alinishika mkono. Lakini hakusema ameamini kwamba si baba.

Mulinge amepaka ile nyeupe, nyembamba, kama mtu mchoyo na siagi. Silikoni kwa raba. Amesema hatujaribu leo, iingie vizuri. Kesho afungue Nthambi mwenyewe.

Jumamosi, 29 Novemba. Saa mbili asubuhi

Naandika kiti cha nyuma. Nthambi yuko mbele, gauni imejaa mpaka kwa gia. Mulinge yuko usukani.

Dinah amefika na kibuyu chake. Akauliza, nipake wapi? Kabla nifungue mdomo Nthambi akamtolea kichwa kwa dirisha, akamwita mama kwa lugha ya kwao. "Yeiyo, paka mimi. Gari imeshapakwa." Dinah akampaka kwa paji la uso, taratibu, tone lisianguke. Akambariki kwa Kimaasai. Nikasema amina.

Kwa mkoba niko na ile chupa ya upako. Ikae hapo hapo.

Sasa Nthambi ameshika kishikio cha paa. Anazungusha. Mara moja — imelia kidogo. Mbili. Kuna mwanga kwa gauni, mwembamba kama uzi! Tatu —

Imekaza.

Hajaachilia. Ananiambia, Mwaitu, wacha kuandika. Anzisha wimbo, kama zile Jumapili za baba.