Kuku wa Mama Myahudi

Zuhura mjukuu wangu,

Huku Iringa tupo, ila baridi inanila magoti. Nyanya za mjomba wako zimepata bei pale Ilula, basi siku hizi hasemeki.

Unaniuliza kama uwaamini wakimbizi waliopanga jirani yako hapo mtaani Soweto. Mimi nitajuaje?

Miaka ya hamsini mimi na babu yako tuliuza kuku sokoni. Mama mmoja Myahudi alinunua kila Ijumaa, wazima tu. Babu yako akitaka kumchinjia, anakataa. Na nyumbani kwake hawakuisha Wazungu wageni, hawana hata sanduku.

“Wapelelezi hao,” babu yako akasema. Nami niliona hivyo hivyo.

Siku moja nikampelekea kuku mwenyewe, nipate kuchungulia. Mumewe akamchinja kwa dua, kama sisi Waislamu. Wageni wanangoja kula.

“Ndugu zako hawa?” nikamuuliza yule mama.

“Siwajui. Ni Wayahudi wenzetu, wamefukuzwa kwao.”

“Wakikudanganya?”

“Watanidanganya wameshiba.”

Babu yako aliwashuku mpaka anakufa. Lakini tangu nimsimulie hayo, kila Ijumaa alimchagulia yule mama jogoo mnono kuliko wote.

Nawe washuku tu, mjukuu wangu. Ila wapelekee wali kwanza.

Bibi yako