Ubao Uliobebwa kwa Kitenge

Dada Masika,

Najua swali lako la kwanza. Hungeuliza kama nimekula, wala kama nimelia. Ungeuliza, "Nani amekubeba?" Basi tulia nikueleze, maana safari hii umeniachia niifanye peke yangu, na bado sijakusamehe vizuri.

Habari ya kifo chako ilinifikia Goma kwa mdomo wa mama mmoja muuza vitunguu aliyetoka Butembo. Aliniita pembeni sokoni, akanishika mikono yote miwili, nikajua kabla hajasema. Walikuwa wamekwisha kukuzika. Nililia pale pale katikati ya magunia, watu wakanipisha. Kisha akaniambia jambo la pili: Jumatatu familia ingekaa kuanua matanga, na siku hiyohiyo wangeamua mwanao Kasoki akalelewe na nani. Watu wa baba yake, yule aliyekwenda kuchimba dhahabu asirudi, walikuwa wametuma salamu kwamba wanamtaka.

Hapo nikafuta machozi. Mara ya mwisho tulipoonana ulikuwa umelala na homa, mtoto amelala juu ya kifua chako. Ulisema, "Kahindo, nikikufa mutoto ni wako. Lakini ukuje wewe mwenyewe. Mutoto habebwe na salamu." Nilikukaripia, nikakwambia uache maneno mabaya, utapona tu. Ulinitazama kwa yale macho yako ya kumwonea mtu huruma.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya salongo. Goma nzima ilikuwa inafagia barabara na kung'oa majani, na hakuna gari lililoruhusiwa kusogea mpaka kazi iishe. Isitoshe mafuta yalikuwa adimu wiki zile. Sokoni watu walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao wakingoja lori ambalo hata mwenyewe hakujua kama litaondoka. Ungewaona ungecheka. Wewe ndiye uliyenifundisha kutokaa nao: pale sokoni dereva anaona kundi tu, lakini kule Munigi, kwenye mlima nje ya mji, gari linapopanda polepole, anauona uso wako.

Nikarudi nyumbani Katoyi, nikainama chini ya kitanda, nikatoa ule ubao.

Nicheke au nilie, sijui. Unakumbuka siku ulipoanza ujinga ule? Tulikuwa tumesimama Munigi na makapu yetu ya samaki wakavu, mvua inatupiga, malori yanapita yakiturushia tope. Ukachukua kipande cha mkaratusi tulichokuwa tunakikalia, ukakifunga mgongoni kwa kitenge, ukakifunika kichwa vizuri, ukaanza kukibembeleza. Lori lililofuata likasimama. Dereva alikuwa Papa Kambale, na alipotaka kukupokea "mtoto" ili upande, akajikuta ameshika gogo. Nilifikiri atatupiga. Alikasirika kweli, akasema atatushusha mbele. Lakini kule kwenye kupanda mlima wa Kabasha gari lilishindwa, likaanza kurudi nyuma, jiwe la msaidizi wake likateleza. Uliruka na ubao wako, ukausukuma nyuma ya gurudumu, gari likatulia. Papa Kambale akashuka, akasema, "Mama, huyu mutoto wako anapita wangu wote kwa akili." Ukauchonga vizuri baadaye, ukawa kabari hasa, na tangu siku ile kila alipotuona barabarani alipiga kelele kutoka dirishani: "Leo ni mutoto ao ni ubao?"

Ulipohamia Butembo uliniachia. Ukasema niutunze kama mtoto.

Basi nilisimama Munigi peke yangu, ubao mgongoni. Nilibembeleza, dada. Nilijisikia mpumbavu, kisha nikajisikia mpweke, maana mchezo ule ulikuwa wa watu wawili. Lori la viazi likasimama. Dereva hakuwa Papa Kambale, alikuwa kijana mwenye uso wa kununa, na alipogundua nilichobeba hakucheka hata kidogo. "Mama, unanichezea? Shuka." Nikamwambia ukweli wote: dada yangu amekufa, ubao ni wake, na nisipofika Jumatatu mtoto wake atakwenda mahali nisipopajua. Akafuta kioo kwa kiganja. "Panda juu," akasema, "na ushike kamba nguvu."

Tulipoanza kupanda Kabasha, aliuomba mwenyewe. Injini ilikuwa inakohoa, msaidizi wake akauchukua ubao akawa anakimbia nao nyuma ya gurudumu, anauweka, anautoa, anauweka. Mara ya mwisho gari likashika, likaondoka kwa nguvu, dereva hakuthubutu kusimama tena. Msaidizi akarukia nyuma mikono mitupu. Nikauona ubao wetu umebaki barabarani, unakuwa mdogo, kisha kona ikauficha. Niligonga bati, nikapiga kelele, hakuna aliyesikia. Nililia kuliko nilivyolia sokoni. Mtu akiniuliza nilikuzika wapi, nitamwambia ni pale.

Jumatatu nilifika nyumbani nina tope mpaka kwenye nyusi. Walikuwa wamekwisha kukaa. Baba mkubwa alikuwa amevaa koti lake la abakosti lililofungwa mpaka shingoni, yuko katikati ya hotuba. Nikasema maneno yako, yote, kama ulivyoyasema. Akajibu kwa upole kwamba maneno ya marehemu hayana wa kuyathibitisha. Ndipo Mama Mbambu, shangazi yetu, akaweka kikombe chini.

"Wale benye kumutaka mutoto, wako wapi?" akauliza. "Walituma salamu. Huyu ametoka Goma juu ya viazi, na mvua yote hii. Unafikiri amekuja kula?"

Watu wakacheka, hata baba mkubwa, na baada ya kicheko kile hakukuwa na kesi tena. Kasoki alikuwa amejificha nyuma ya sketi ya shangazi. Hakunikumbuka. Alilia nilipomfunga mgongoni, akanipiga mabegani, kisha akachoka akalala.

Nilipitia kaburini kwako asubuhi ya kuondoka. Nimekupandia maua yale mekundu unayoyapenda, na kama mbuzi wa jirani atayala, usinilaumu.

Tulisimama nje ya mji, kwenye mlima, kama ulivyonifundisha. Na unajua nani alikuja? Nililijua gari lake kwa sauti kabla sijaliona. Alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele vilevile, "Mama Kahindo! Leo ni mutoto ao ni ubao?" Kisha akaangalia upande wangu wa kushoto, pale ulipozoea kusimama. Hakuwa amesikia habari zako.

Kasoki akaamka kwa ile kelele. Akatoa kichwa kwenye kitenge, akamkazia macho kwa lile paji lako la uso, lililokunjamana.

"Ni mutoto, Papa," nikasema. "Ni wa Masika."

Alizima gari palepale kwenye kilima. Akashuka, akavua kofia. Kisha akanyoosha mikono yote miwili kumpokea, taratibu, kama mtu anayeogopa kudanganywa mara ya pili.

Lala salama, dada yangu. Nitambeba mpaka siku atakayokataa kubebwa, na siku hiyo nitampeleka Munigi nimwonyeshe pa kusimama.

Mdogo wako,
Kahindo