Komwe ya Mize

Vitongoji, Pemba
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa mwanangu mpenzi Mize,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Wambaje mwanangu? Mumeo Rajab hajambo? Na Hudhaifa, kile kikohozi kishamwacha au bado chamsumbua? Mkande kifua kwa mafuta ya nazi yenye uvuguvugu, wala usimwogeshe asubuhi mapema, Mtambile huko kuna umande. Sisi hatujambo. Baba yako ni goti tu, na mimi mzima wa mwili. Wa moyo utanijua mbele.

Najua utashangaa kupata barua. Simu ninayo na vocha imo. Lakini kwenye simu wewe huniwahi kwa huruma, mama usilie, mama yamekwisha, nami hunyamaza papo hapo. Hili nataka unisikie mpaka mwisho. Skuli niliishia darasa la nne, basi mwandiko uuvumilie.

Mwanangu, Alhamisi nimeona jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka mwili wanisisimka. Kikundi chetu cha sabuni ya mwani kimeletewa ombi na duka kubwa la mjini Chake. Wanataka sabuni zetu kila mwezi, mwaka mzima. Tukikubali kisha tukaharibu kama mara ile, Pemba hii hakuna atakayegusa tena sabuni yetu. Ndipo akaitwa mwalimu wa biashara, binti mmoja aitwa Shamima, mdogo hata kwako, atusaidie kupanga kabla hatujajibu.

Nilidhani atatufungulia kitabu. Kumbe alivua viatu, akapiga magoti, akachora kwa chaki sakafuni pa banda letu nyumba ya vyumba vinne. Viwili vya juu akasema ni vya mambo yaliyomo ndani yetu wenyewe, kimoja Nguvu, kimoja Udhaifu. Viwili vya chini ni vya mambo yanayotoka nje, kimoja Fursa, kimoja Vitisho. Akatugaia komwe za bao, akasema kila mtu atamke lake kisha aweke komwe panapohusika, ajuaye kuandika na asiyejua wote sawa. Subhanallah, Mize. Wanawake ambao mikutanoni huinama wakihesabu miyaa ya mkeka, siku ile walisema.

Kwenye Nguvu tukaweka mwani wetu tunaoulima wenyewe, na mafuta ya makonyo ya karafuu ambayo harufu yake kila mtu anaisifu. Kwenye Fursa likaingia lile duka na wageni wa hotelini. Tulipofika Vitisho ndiyo komwe zikamiminika. Mvua inayoozesha mwani, sabuni za bara za bei ndogo, na hasidi. Hasidi alipata komwe saba peke yake, kwani zile sabuni zilizounguza watu mikono, kila mtu alisema ni jicho la watu.

Shamima hakucheka. Aliuliza tu kama huyo hasidi aliingia bandani akashika ndoo. Akatueleza kwa upole kwamba la nje huna amri nalo, wajikinga tu, lakini la ndani waweza kulitengeneza, na ukilichukua la ndani ukaliweka nje umejinyima dawa. Akazirudisha zile komwe saba mikononi mwa wenyewe.

Chumba cha Udhaifu kilibaki kitupu. Wewe watujua. Aibu ya mwenzio haitajwi mbele za watu, ni sitara, na yako ndiyo kabisa. Binti akasema vikundi vingi kavizunguka, na chumba kitupu humtisha kuliko kilichojaa. Hapo Bi Asya, kwa ulimi wake ule, akajibu kwamba udhaifu tulikuwa nao, lakini ushahamia Mtambile. Watu wakacheka. Na mimi mama yako, komwe kiganjani, nikatabasamu pamoja nao. Mungu anisamehe.

Shamima aliwaacha wamalize kucheka. Kisha akasema, "Kama udhaifu umehama, nionesheni kilichobadilika. Leo nani anapima kostiki, dawa inayounguza ikizidi, na mwenziwe atajuaje kama imeshatiwa?"

Nilihisi kama yule binti alikuwa amesimama nyuma ya mlango siku ile. Maana sasa, mwanangu, nimefika kwenye lililonishikisha kalamu.

Siku ile ulipima kostiki ukaitia kwenye ndoo ya maji, ukatoka kwenda kusali adhuhuri. Mimi nikaingia. Maji ya kostiki ikishayeyuka na kupoa hayana tofauti na maji ya kisima. Nikadhani hujatia. Nikapima kipimo kingine kizima, nikatia, nikakoroga, nikaondoka kuanika mwani. Nilikuja kufahamu walipoanza kurudisha sabuni, mikono imewababuka. Wote wakasema aliyepima ni Mize. Na mimi ndiye mwenyekiti, mtu mzima, nikajiambia mtoto husamehewa upesi, mkubwa husemwa mpaka kaburini. Nikanyamaza. Nikakuona jioni ukihesabu vidole, ukijiuliza ulikosea wapi. Mize, hukukosea. Nikakuona unafunga mizigo na mtoto mgongoni uende kwa wakwe zako, nikakufungia na ndizi za njiani. Miezi mitano nimeibeba siri hii, na wewe umebeba aibu isiyo yako.

Niliinuka pale mkekani. Nikaweka komwe yangu kwenye chumba kile kitupu nikasema, "Aliyetia kostiki mara ya pili ni mimi. Mize hana kosa."

Nilingoja nizomewe. Bi Asya akasema, "Mwanawema, umetuchelewesha." Akaja akaweka komwe yake kando ya yangu. Akasema yeye mwaka sasa hazioni namba za mzani, hupima kwa kubahatisha. Mwengine akaja, akasema yeye huchanganya mafuta mapya na ya zamani. Mwengine tena. Mwanangu, chumba kilichokuwa kitupu ndicho kilichojaa kuliko vyote, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Mistari ya chaki tu, ikafanya ambalo mimi na sala zangu zote nilishindwa.

Kisha binti akaunganisha vyumba kwa chaki, nguvu ipi itakamata fursa ipi, na udhaifu upi ndio mlango wa kitisho. Tumeafikiana duka tulipelekee nusu ya wanachotaka kwanza, mpaka mikono yetu iaminike. Na kando ya ndoo sasa kuna kopo. Anayetia kostiki adondosha komwe ndani yake. Ukiikuta imo, hugusi kitu.

Bi Asya kaniambia nisikuandikie salamu zake, kwani atakuja Mtambile mwenyewe kwa miguu yake kukutaka radhi. Na mimi nakutaka ya kwangu hapa. Sikuombi unijibu upesi, wala usinifiche hasira zako kwa kuwa mimi ni mama.

Msellem muuza ndimu ndiye anayekuletea bahasha hii. Baba yako akusalimu, na majirani wote. Msalimie Rajab na wazee wake, unibusie mjukuu wangu.

Humo ndani utakuta komwe moja. Ni yako. Alhamisi walitaka kukuwekea, nikakataa, nikasema mwenyewe ana mkono. Ukitaka kurudi, njoo uiweke chumba unachokiona wewe. Usipotaka, mpe Hudhaifa achezee, ila muangalie asije akaitia mdomoni.

Wako akupendaye,
mama yako,
Mwanawema