Moshi wa Ubani Katika Nyumba ya Vioo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ummukulthum Sabir. Umri: miaka 54. Kazi: mfagiaji, bustani ya mzee Taher, Kizingo. Makazi: Kibokoni, Mji wa Kale. Tarehe: 12 Novemba 2024, saa tatu asubuhi.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja kwa ajili ya Mung'aro, mtunza bustani, mwenzangu wa kazi, aliyekamatwa jana asubuhi kwa madai ya kuitilia sumu okidi ya mzee Taher.

Okidi hiyo, ua adimu, iliachwa na marehemu Bi Parvin, mke wa mzee. Aliilea miaka tisa ndani ya nyumba ya vioo, akafa hajaiona ikichanua. Mwezi uliopita ilitoa matumba saba. Kila asubuhi mzee alikuwa akiketi mbele yake na chai, akiisemesha. Mimi nilikuwa nikifagia polepole nipate kumsikia.

Mnamo Ijumaa tarehe 8 walikuja wageni kutazama mimea adimu. Mama mmoja aliikodolea macho okidi, akasema hajaona kizuri kama hicho tangu azaliwe. Mashallah hakusema. Kwetu kitu kikisifiwa hivyo hufukizwa, kisije kikapatwa na kijicho. Saa kumi na nusu alasiri, wageni walipoondoka, niliwasha makaa kwenye chetezo, nikatia ubani na habasoda, nikafunga madirisha yote ili moshi usipotee bure. Nilikaa nao hapo nusu saa, nikiisomea dua.

Jumamosi saa moja asubuhi matumba yote yalikuwa chini, yamesinyaa. Nilimkuta Mung'aro akifungua madirisha mbiombio. Aliniangalia, akaendelea kufungua. Mzee alipoingia alipiga magoti, akayaokota moja moja, akayatia mfukoni mwa kanzu. Kwa vile Mung'aro alikuwa amenyunyiza dawa ya wadudu Alhamisi, lawama zilimwangukia yeye.

Jana alasiri Fariha, binti wa mzee, alitusomea kwenye simu kwamba okidi haistahimili moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa. Akasema, "Lakini nani angewasha makaa humu?"

Nilikuwa nimeshika fagio, nikaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi. Kimya kile kinaniuma kuliko moshi wenyewe.

Mung'aro hana kosa. Naamini alifungua yale madirisha harufu itoke, nisijulikane. Afande, niliipenda ile okidi, na kwa kuikinga ndiko nilikoiua. Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, na sina la kupunguza.

Sahihi: Ummukulthum Sabir

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika kama alivyosema. Nilimuuliza Mung'aro iwapo alijua. Alijibu: "Nilinusa ubani. Mwanangu alipozaliwa, mama huyu ndiye aliyekuja kumfukiza." Shahidi amekataa kwenda nyumbani kabla ya Mung'aro kutoka. Ameketi kwenye benchi la nje.

Konstebo Mwende