Fomu Zilizokataa Kwenda Nairobi

Abti,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichonifundishia kompyuta. Nyumbani ulikuwa mjomba wangu na tulisema Kisomali. Ukiketi mbele ya mashine uligeuka mwalimu, na mwalimu kwako lazima aseme Kiswahili. Ngeli zikinipiga chenga, nivumilie. Hata wewe zilikushinda.

Hapa Garissa tuko salama. Hooyo, mama yangu, alikuwa analia kila akiona kofia yako. Siku hizi anaivaa akipika anjera, na sisi tunacheka mpaka moshi unatuingia. Ofisi yetu bado iko wazi. Bado tunaandika majina ya watu wa kambi za wakimbizi za Dadaab waliopotezana na jamaa zao, na kuyapeleka Nairobi kwa laini ya simu. Ukurasa wako wa kompyuta ndio unaotubeba: tunajaza fomu mchana kutwa, na laini ikishika, ile programu ya JavaScript uliyoandika inazituma zenyewe moja baada ya nyingine, bila mtu kubonyeza kitu.

Ila ulipoondoka tu, zikakataa kwenda. Nairobi wakaniambia wiki tatu hawajapokea jina hata moja.

Kuna mama mmoja, Sahra, aliyepoteana na kaka yake wakikimbia vita. Kila wiki alikuja na lori kutoka kambini kuuliza. Mara ya tatu akaitazama mashine, akasema kwa lafudhi ya kwetu, "Hii kombyuta yako inakula majina tu, haitabiki?"

Nililaumu laini. Nikalaumu vumbi. Nikawalaumu hata korongo wanaotua kwenye nguzo ya simu. Fundi wa simu akaja, akapima, akasema laini ni nzima kuliko yeye.

Basi nikafanya ulivyonifundisha. Baada ya kila mstari wa ile programu nikaweka kisanduku cha kusema "nimefika hapa". Cha kwanza kikatokea. Cha pili kikatokea. Cha tatu hakikuja. Badala yake kikaja kisanduku kingine cha Kiingereza, kile kile ambacho kwa wiki tatu nilikuwa nakifunga kama mtu anayefukuza nzi. Nikakusikia kabisa: "Abti, mashine haina kiburi. Ikiumwa inasema. Soma kwanza, ndipo ukasirike." Uliniita abti kama nilivyokuita, ndivyo tulivyo.

Nikasoma. Kilisema submit, yaani wasilisha, si amri inayoweza kutekelezwa. Nikashangaa, kwani ndilo neno ulilotumia kuiamuru fomu iende, na lilikuwa halijawahi kugoma. Nikanywa vikombe viwili vya shaah ndipo nikakumbuka. Wiki ile baada ya mazishi, mikono ikitafuta kazi ili moyo utulie, niliongeza kitufe kizuri cha anayetaka kutuma mwenyewe. Nikakipa jina: submit. Hakuna aliyewahi kukibonyeza. Lakini ukurasa ulipoita submit ili fomu iende, aliyeitika ni kitufe changu. Ni kama kwa bibi, ayeyo wetu, penye Halima wawili: unamwita Halima alete chai, anakuja Halima wa miaka mitatu, mikono mitupu, anacheka.

Nikakibadilisha jina kikawa "tuma". Baada ya Asri laini ikashika, na fomu zikaanza kuondoka, moja, mbili, mpaka arobaini na moja. Nikapiga makofi peke yangu. Fundi cherehani wa jirani akachungulia kuuliza kama nimeposwa. Nikageuka nikwambie wewe. Kiti chako… basi, kiti kilikuwa kiti.

Siku chache baadaye jibu likaja. Kaka yake Sahra yu hai. Yuko Takaba, ameajiriwa katika duka la nguo, mkoa huu huu wetu. Nilipomsomea, alikaa chini sakafuni. Nikaona nisimfiche, nikamwambia kuchelewa kule kulitokana na mimi, si simu. Nikaogopa atakavyonijibu. Kisha akasema, "Miaka saba nimengoja. Wiki tatu ni zako, nakusamehe. Hiyo mingine nitamdai aliyeleta fita." Akacheka huku machozi yanamtoka, akaniomba nimsomee tena.

Wamebaki watu arobaini. Wengine waliambiwa na mimi, kwa mdomo wangu huu, kwamba watu wa Nairobi ndio waliolala kazini. Jumamosi napanda lori kwenda kambini na orodha yao. Nakuahidi, abti, nitapita hema kwa hema, na kila mmoja nitamwambia jina lake limefika, na kwamba aliyelichelewesha ni mimi.

Allah akupanulie kaburi lako, alitie nuru. Nenda kwa amani, mjomba wangu.

Wako,
Fardosa