Mabawa Yaliyolingana

Shanwe, Jumanne

Mjukuu wangu Neema amehangaika na kompyuta mpaka majina ya vitongoji yakakaa katikati ya mchoro: mistari ya wanawake kushoto, ya wanaume kulia, kama mabawa ya kipepeo. Hesabu amezitoa kwenye daftari langu la uandikishaji wa watu, la enzi nilipokuwa karani wa sensa.

Mabawa yote yanapishana urefu, isipokuwa ya kitongoji kimoja cha Mwamkulu.

"Babu, hawa walikuwa wanazaa kwa rula?"

Nilicheka naye. Kule sikufika. Mvua ilikata njia, nikajaza fomu nyumbani, nusu wanawake, nusu wanaume. Zahanati yao ilipangwa kwa uongo ule. Padre nilimuungamia mengine yote.

Kesho anapeleka kazi chuoni. Miguu hainibebi, hata kumkwepa siwezi.

Nimemwita. Anakuja na kompyuta, anadhani nataka abadilishe rangi.