Kitabu cha Padre na Jina la Zubaida

Kisoko, Tororo,
18 Machi 1976

Mpendwa Mjomba Odoi,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Nairobi, na habari za kufundisha? Mama Peace hajambo? Kile kikohozi chake kimepona, au bado kinamsumbua asubuhi? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama anakusalimu sana. Goti lake linamuuma, lakini hataki kukaa wakati wengine wamepiga magoti. Unamjua dada yako.

Mvua imeanza vizuri. Tumepanda wimbi upande wa kisimani na karanga nyuma ya nyumba. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Sukari tumeshasahau ladha yake. Lakini hatujalala njaa hata siku moja.

Barua hii sikuipeleka posta, kwa sababu huko zinafunguliwa. Muniru, yule wa baiskeli aliyetuletea yako, atavuka nayo Busia na kuikabidhi kwa kondakta wa basi la Nairobi. Kwa hiyo nitasema yote. Mjomba, mimi ni yule yule ambaye wageni wakija hukimbilia jikoni. Sijawahi kumjibu mtu mzima. Lakini nimekasirika siku kumi na moja sasa, na ninayemkasirikia ni wewe. Nisamehe kwa kuliandika neno hilo. Sitalifuta.

Nianze na kitabu, maana hujui kilivyofika nyumbani. Nilipomaliza Form Four Mama alitaka kunipa zawadi. Akaenda soko la Tororo kwa Zubaida, yule mjane anayetandika vitabu vikuukuu juu ya gunia. Zubaida hasomi Kizungu. Anapanga vitabu kwa kutazama picha ya juu, na hiki kina picha ya padre mwenye rozari, basi alikiweka pamoja na katekisimu. Mama alipopita akamwita, "Dada, njoo! Kitabu cha padre wenu kimefika, kipya, hakijakunjwa hata sikio!" Mama naye hasomi Kizungu. Alikibusu kabla ya kunipa.

Nilikisoma chote, kumbe ni riwaya. Wewe uliandika, "Sijakisoma wala sitakisoma." Mimi nimekisoma, kwa hiyo nina haki ya kukuambia kwamba ni kibaya. Kuna mahali padre huyo analewa, anatoa Hostia za Misa mfukoni, anazipanga juu ya meza ya baa pamoja na vifuniko vya chupa na kucheza dama, huku wenzake wakicheka. Hapo nilikifunga nikatoka nje. Ilikuwa kama siku ile mlevi alipomtukana Mama mbele ya watu nami sikuweza kusema kitu. Usidhani basi kwamba sikuumia. Niliumia kuliko nyote, kwa sababu ninyi mliumizwa na habari tu.

Lakini nikuambie na hili pia. Kuna sura moja ya mama yake padre, anavyomfulia mwanawe kanzu huku akijua maovu yake. Hiyo ilinitoa machozi. Sijui mtu mmoja anawezaje kuandika sura zote mbili. Jambo hilo linanikasirisha zaidi.

Nilimweleza Mama kwa aibu, naye akakupelekea habari. Ndipo ikaja barua yako. Sikujua ungeiandika kwa Rasto, fundi cherehani, mwenyekiti wa baraza letu la kanisa. Aliisoma Jumapili ya kwanza ya Kwaresima baada ya Misa, Padre alipokwisha kuondoka kwenda kigango kingine. "Wakatoliki wa Tororo mmelala? Kama wangetukanwa mama zenu mngenyamaza? Huku Nairobi sisi tumeandamana. Ninyi mnangoja nini?" Akina mama walipiga makofi. Mama alilia, maana aliona ni yeye aliyekibusu.

Mjomba, ulisahau huku ni wapi?

Rasto hakusahau. Alisema, "Hatuwezi kutoka barabarani bila kibali. Watu ishirini tukiimba njiani, watatufagia. Kwanza tuwaandikie wakubwa wa jeshi."

Mama mmoja akauliza, "Tuwaambie nini hao?"

"Tuwaombe ruhusa. Tena tuwaambie ni nani anayeuza. Wakimshughulikia wao, sisi hata hatutakuwa na haja ya kuchosha miguu."

Watu walicheka, Mjomba. Kisha Rasto akanitazama. "Binti wa Form Four si huyu hapa? Ana mkono mzuri. Njoo, mwanangu, usione haya."

Nilikwenda. Hili ndilo ninaloliungama kwako kabla sijaliungama kwa Padre. Nilikaa kwenye meza yake, nikaandika kila alichosema. Niliandika kwamba mwanamke aitwaye Zubaida, anayekaa karibu na lango la soko, anaeneza vitabu vya kudharau dini na kuchafua amani ya nchi. Maneno "amani ya nchi" Rasto aliyaongeza kwa sababu, alisema, wakubwa wanayapenda. Nilijua yale maneno yanaweza kumfanya mtu nini, lakini mkono wangu ulikwenda tu, mstari kwa mstari, mwandiko ukiwa safi. Mama alikuwa wa kwanza kuweka kidole gumba. Walifuata kumi.

Unamkumbuka Mwalimu Opolot, aliyekuja kula nasi Krismasi ile? Alichukuliwa mwezi wa Oktoba akiwa darasani kwetu, chaki bado mkononi. Watu wanasema kulikuwa na barua. Mpaka leo hajulikani aliko. Mke wake, Akwi, huketi benchi la pili kila Jumapili, na tukifika kwenye maombi tunasema, "Tumwombee ndugu yetu aliye safarini." Safarini! Hakuna hata mmoja wetu aliyetaja jina lake kwa sauti, hata mimi. Na wewe hukuandika kutuuliza kama tumelala.

Siwalaumu watu kwa kuogopa. Mimi mwenyewe ninaogopa hata sasa, na nikisikia gari kubwa barabarani ninaificha karatasi hii chini ya unga. Ila mtu anayeogopa na anyamaze kama mwoga, asijifanye shujaa kwa kutumia jina la mwingine. Hilo ndilo linalonichoma.

Jumanne nilikwenda sokoni. Nilitaka kumwambia Zubaida yote, lakini ulimi ulinigomea, nikamweleza habari za kitabu tu. Kwanza alicheka. "Mimi kusoma nitajulia wapi? Naangalia picha. Kumbe ni padre mlevi?" Halafu aliona uso wangu, akaacha kucheka. Akavuta nakala tatu zilizobaki akanipa bure. "Chukua, mwanangu. Mtu akitukana Mtume wetu mimi silali. Kafungie chumvi, kachome, ni shauri lako. Kwa nini mama yako hakuja kuniambia mwenyewe? Si tunajuana?"

Jina lake lilikuwa tayari limekauka wino nyumbani kwa Rasto.

Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa limekwisha, unaona? Kitabu hakiko sokoni tena. Ilitosha mtu mmoja kwenda na kusema.

Jana baraza lilikutana tena kusoma barua kabla ya kuipeleka. Nilisimama. Sauti yangu ilikuwa ndogo, hata mama mmoja nyuma akasema, "Ongea, mtoto, au unaongea na kifua chako?" Niliwaambia kwamba vitabu vyote ninavyo mimi, kwamba Zubaida amevitoa mwenyewe, na kwamba jina lake liondolewe.

Rasto aliweka miwani mezani. "Kumbe shule imekufundisha kutetea matusi! Au padre wa kitabu amekunogea?"

Walicheka tena. Nilitaka kukaa. Ndipo Akwi akainuka kwenye benchi. Hakuwa amesema neno kwenye mkutano tangu Oktoba.

"Mume wangu naye alikuwa jina tu kwenye karatasi," alisema. "Sijui aliyeandika ni nani. Labda naye aliambiwa ana mkono mzuri."

Hakuna aliyecheka. Rasto alianza, "Mama, haya ni mambo ya dini, si ya…" akatazama dirishani, hakumaliza. Mama yangu akaomba aione barua. Aliikwangua alama ya kidole chake kwa ukucha mpaka karatasi ikatoboka. Akina mama wawili wakafanya vivyo hivyo. Kisha Rasto akamnyang'anya. "Vidole vilivyobaki vinatosha," alisema. "Mwalimu Odoi ndiye aliyetuamsha. Yeye akisema tuache, nitaacha. Asiposema, Jumatatu tarehe 29 ninaipeleka kwa mkono wangu."

Ndiyo sababu ninakuandikia. Nimekueleza hasira yangu, lakini kazi ya barua hii ni hiyo tarehe. Ukimaliza kuisoma, chukua kalamu kabla hujanywa chai. Mwandikie Rasto kwa jina lake, umwambie aichome barua ile. Mpe jibu hilo kondakta yule yule. Muniru atamngoja Busia kila siku kuanzia Jumatano, ameniahidi.

Usinielewe vibaya kuhusu kitabu. Ungeniuliza kama Wakatoliki wapinge, ningekujibu ndiyo, wapinge. Hostia si kifuniko cha chupa. Lakini anayepinga atie jina lake mwenyewe, na apeleke lalamiko lake kwa aliyetenda kosa. Zubaida hakuandika kitabu. Aliyekiandika na aliyekichapa wote wako Nairobi, mji unaoishi wewe, mahali ambapo mtu anaandamana Jumamosi na Jumatatu anarudi darasani. Nenda ukabishe hodi kwao. Ndani ya bahasha hii nimemwandikia mwandishi kurasa mbili. Nimemwambia alivyoniumiza na nimemwambia kuhusu sura ya mama. Nakuomba umpelekee mwenyewe, usizitie posta. Na ukisome kitabu kwanza, tafadhali, ili akikuuliza uwe na la kumjibu.

Jibu lako lisipofika mpaka Jumapili tarehe 28, nitakwenda kwa Zubaida baada ya Misa. Nitamwambia avuke Busia siku hiyo hiyo, aende kwa dada yake upande wa Kenya. Akiniuliza ni nani aliyeliandika jina lake, nitamjibu ni mimi. Nimejizoeza kulisema mbele ya mbuzi, na bado sauti inakatika, lakini nitalisema.

Mama amejua ninakuandikia. Hakunikataza. Amesema tu nikuombe radhi mwishoni, na ninaiomba: niwie radhi kwa ukali, Mjomba, si kwa maneno yenyewe.

Msalimie Mama Peace na Peace mwenyewe, umwambie nimemwekea karanga za mbegu kubwa. Akwi amekutumia salamu, nikakumbuka alikuwa akikupikia samaki. Mwombee Mwalimu Opolot kwa jina, huko hakuna wa kukusikia vibaya. Mungu aulinde mlango wako na wetu, atufikishe Pasaka tukiwa wote.

Ni mimi mpwa wako, anayekupenda na kukukasirikia kwa moyo ule ule,

Restituta Anyango

Muniru ameniambia nisiandike jina, barua ikikamatwa njiani. Nimeliandika lote, la ubatizo na la nyumbani.